Hati ya Mfalme na Upepo wa Kusi: Habari za Mir Ali Bey Katika Pwani Yetu



Ndugu wanafunzi wetu, katika kipindi cha tarehe lilizuka swali ambalo hatukulimaliza. Mwenzenu mmoja aliuliza hivi: mtu akiliteka jahazi la watu baharini, akachukua mali na kuwafunga waliomo, huyo tunamwita haramia. Je, akiwa na barua ya mfalme inayomruhusu kufanya hivyo, bado ni haramia? Wa safu ya mbele wakasema ndiyo, wa nyuma wakasema hapana, na wengine wakaanza kusimulia sinema walizoziona. Adhana ya alasiri ikaingia tukatawanyika. Tumeonelea tulijibu swali hili hapa kwa urefu, kwa kuwa jambo lenyewe lilipata kutokea katika pwani hii yetu, na watu wengi walikufa kwa ajili yake.

HARAMIA MWENYE KIBALI

Kwanza tuelewane juu ya maana. Zamani wafalme hawakuwa na merikebu za vita za kutosha. Vita vilipoanza, mfalme alimwita tajiri mwenye merikebu yake mwenyewe, akampa hati iliyoandikwa na kupigwa muhuri: nunua mizinga, ajiri mabaharia, nenda kawateke maadui zetu popote utakapowakuta. Mfalme hakutoa hata senti moja. Gharama zote zilikuwa za mwenye merikebu, na malipo yake yalikuwa ngawira atakayoipata. Waarabu humwita mtekaji wa baharini qursani, na Wahispania waliiita hati hiyo patente de corso. Mwaka 1621 Mfalme Felipe wa Nne wa Hispania alitoa kanuni maalumu za kazi hiyo, maana ilikwisha kuwa kazi kama kazi nyingine.

Hati ilikuwa na masharti. Mwenye nayo aliruhusiwa kuteka vyombo vya adui peke yake. Alitakiwa akifikishe bandarini chombo alichokiteka, kadhi wa huko akitazame na kuamua kama ni halali yake. Kisha ngawira iligawanywa, na katika nchi nyingi mfalme alikuwa na fungu lake, kwa Wahispania mara nyingi moja ya tano. Wale waliofika Suratul Anfal watakumbuka habari ya khumsi, nasi tunawaachia walimu wao wa fiqhi wawaeleze wapi mambo hayo mawili yanafanana na wapi yanaachana.

Hati hiyo ilikuwa na thamani ya roho. Aliyekamatwa bila hati alinyongwa kama mwizi. Aliyekamatwa nayo aliweza kuhesabiwa mateka wa vita, akafungwa, akakombolewa, akarudi kwao. Ndiyo maana qursani aliitunza hati yake kuliko dhahabu.

Ili mpate sura ya maisha ya watu hao, tumtaje mmoja. Miguel Enríquez alizaliwa katika kisiwa cha Puerto Rico, kilichokuwa koloni la Hispania, karibu na mwaka 1674. Mama yake alikuwa mtumwa aliyeachwa huru. Yeye mwenyewe alikuwa fundi viatu. Hispania ilipoingia vitani na Waingereza mwanzoni mwa karne ya 18 alipewa hati, akaunda merikebu, akaziteka merikebu nyingi za adui, akawa miongoni mwa watu matajiri kabisa wa visiwa vile. Mwaka 1712 mfalme alimtunuku nishani. Mtoto wa mjakazi kutunukiwa na mfalme wa Hispania! Lakini vita vilipopoa wakubwa wa mji, ambao hawakupenda kumwona mtu mweusi akiwa juu yao, walimfungulia mashitaka, mali yake ikachukuliwa. Alikimbilia katika nyumba ya watawa, akafa humo mwaka 1743 akiwa maskini. Mfalme aliyempa hati hakumtetea.

Shikeni habari hiyo ya Enríquez mkononi, maana tutakutana na inayofanana nayo hapa kwetu.

BAHARI YETU NA MFALME WA HISPANIA

Huenda mwanafunzi akauliza, Hispania na Mtwara wapi na wapi? Mbona waliotutawala ni Wareno, tena Waarabu, kisha Wajerumani na Waingereza? Ni kweli. Lakini tarehe 4 Agosti 1578 mfalme kijana wa Ureno, Sebastião, aliuawa vitani Morocco, katika vita vya Wadi al-Makhazin, naye hakuwa na mtoto. Aliyemrithi alikuwa mzee, akafa mwaka 1580. Hapo Mfalme Felipe wa Pili wa Hispania akadai ufalme wa Ureno kwa haki ya mama yake, akauchukua. Tangu hapo mpaka mwaka 1640 nchi hizo mbili zilikuwa chini ya mfalme mmoja. Manahodha na maliwali wa pwani hii waliendelea kuwa Wareno, lakini mfalme waliyempigania alikuwa ni huyo wa Hispania.

Na mpaka wao ulipita karibu na milango yetu. Kusini kidogo ya mlango wa Mto Ruvuma, ng'ambo ya Msumbiji, iko Rasi Delgado. Wareno waliifanya rasi hiyo kuwa alama ya mpaka. Kuanzia hapo kwenda kaskazini ilikuwa sehemu ya kapteni wa pwani ya Malindi, na kuanzia hapo kwenda kusini, yaani visiwa vya Kerimba na kuendelea, ilikuwa sehemu ya kapteni wa Msumbiji. Kwa hiyo Msimbati, Mikindani na Mgau zilikuwa mwanzo kabisa wa sehemu ya Malindi. Anayesimama leo katika mchanga wa Msimbati na kutazama kusini anatazama ulipokuwa mpaka huo.

Adui mkubwa wa mfalme huyo katika Bahari ya Hindi alikuwa Dola ya Uthmaniya, yaani Waturuki, walioshika Misri, Hijazi na Yemen. Ni jambo la ajabu kidogo: katika Bahari ya Kati, baina ya Ulaya na Afrika, Sultani Murad wa Tatu na Mfalme Felipe walikubaliana kusimamisha vita mwaka 1581. Huku kwetu mapatano hayo hayakuzuia kitu. Vita viliendelea kwa njia ile ile tuliyoieleza, ya chombo kimoja kimoja na ngawira.

MIR ALI BEY AFIKA NA MERIKEBU MOJA

Mwishoni mwa mwaka 1585 Hasan Pasha, liwali wa Yemen, alimtuma nahodha mmoja aitwaye Mir Ali Bey kutoka bandari ya Mokha kwenda pwani ya Waswahili. Alitoka na merikebu mbili tu. Moja ilikuwa mbovu, ikarudi njiani. Akafika Mogadishu na merikebu moja.

Merikebu moja! Pamoja na hayo Mogadishu ikampokea, ikafuata Barawa, Faza, Pate na Lamu. Aliwaambia watu wa pwani kwamba ametumwa na Sultani kuja kuwaondolea Wareno, na kwamba nyuma yake inakuja jeshi kubwa. Nao watu wa miji hiyo hawakuwa wajinga kumkubali. Walikuwa na hesabu zao. Mombasa ilichomwa moto na Wareno mwaka 1505, ikachomwa tena mwaka 1528. Majahazi yaliyosafiri bila hati ya Mreno yalitekwa, na hati yenyewe ilinunuliwa kwa fedha. Hapa kwetu kusini, mnamo mwaka 1522 na 1523, Wareno walikiteketeza kisiwa cha Kerimba kwa kuwa watu wake walikataa kulipa kodi kwa Unguja na Pemba, waliokuwa marafiki wa Wareno. Kwa miaka themanini mtu wa pwani aliiona bendera ya Kikristo tu juu ya mizinga. Sasa imekuja mizinga chini ya bendera ya Khalifa, na wenye mizinga hiyo wanaswali pamoja nawe msikitini. Nani angewafungia mlango?

Malindi iliwafungia. Malindi ilikuwa rafiki wa Wareno tangu Vasco da Gama alipofika mwaka 1498, na biashara yake na usalama wake vilisimama juu ya urafiki huo.

Mir Ali Bey alifanya kazi yake vizuri kabisa, tukiitazama kama kazi ya qursani. Aliteka merikebu za Wareno, na Lamu akamkamata Roque de Brito Falcão, mkubwa wa Kireno aliyekimbilia huko akidhani amepata hifadhi. Akarudi Mokha na makumi ya mateka wa Kireno na mali nyingi. Watu wa pwani wakaona kwa macho yao kwamba Mreno anaweza kushindwa na merikebu moja.

KWA NINI HAKUKAA

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu bila kukifahamu chombo hamtamfahamu mtu.

Merikebu ya vita aliyotumia Mir Ali Bey ilikuwa ya makasia na tanga pamoja. Ilikuwa nyembamba, ndefu, ya kimo kifupi juu ya maji. Penye utulivu wa upepo, ambapo merikebu kubwa ya Kireno ililala kama gogo, yeye alisogea kwa makasia akaikaribia anapotaka. Aliweza kuingia katika vijito na milango ya mikoko ambamo merikebu kubwa ingekwama. Wale wenye kwenda dago wanaelewa faida ya chombo kinachoelea kwenye maji ya magotini.

Lakini chombo hicho kina njaa na kiu. Makasia yanahitaji watu wengi, nao wanabanana hawana pa kulala, na mtu anayevuta kasia juani hunywa maji mengi. Mapipa hayana nafasi. Baada ya siku chache ni lazima mtie nanga mahali penye kisima, mpate maji, kuni, mtama na mbuzi. Katika Bahari ya Kati wengi wa wavuta makasia hao walikuwa mateka na watumwa waliofungwa minyororo, Waislamu katika merikebu za Wakristo na Wakristo katika merikebu za Waislamu, wakila mkate mkavu na kulala pale pale walipokaa. Katika sinema hilo halionyeshwi sana.

Basi qursani wa makasia hawezi kuishi bila mji wa pwani. Mji ndio kisima chake, ghala yake, hospitali yake, na soko la kuuzia ngawira. Hii ni mali kwa mji wakati yeye yupo.

Jambo la pili ni pepo. Kutoka Yemen hushukiwa kwa kaskazi, na hurudiwa kwa kusi. Qursani aliyekuja na kaskazi, kusi likianza kuvuma hana budi kuchagua: ama arudi na ngawira yake, ama akae mpaka mwaka wa pili bila kujua nyumbani wanaamua nini. Na huyo aliyemtuma anataka kuiona ngawira. Kwa hiyo mwaka 1586 Mir Ali Bey alirudi Yemen. Miji iliyomfungulia milango ilibaki mahali pake.

FAZA

Habari zilifika Goa, makao makuu ya Wareno huko India. Mwanzoni mwa mwaka 1587 wakatuma merikebu zipatazo 18 na askari zaidi ya 600, mkubwa wao Martim Afonso de Melo. Hakumkuta Mir Ali Bey, na bila shaka alijua kwamba hatamkuta. Aliyemkuta ni Faza.

Faza uko katika kisiwa cha Pate. Watu wake walipigana, na mfalme wao aliuawa. Wareno wenyewe wameandika katika vitabu vyao kwamba hawakumwacha hai waliyemkuta mjini, mwanamume kwa mwanamke, na kwamba kichwa cha mfalme kilipelekwa Goa. Kisha wakaishika minazi. Wanataja minazi 10,000 iliyokatwa. Sisi watu wa Mtwara hatuhitaji kuelezwa sana jambo hilo. Mnazi hupandwa na baba, akala mtoto. Nyumba ikichomwa itajengwa mwaka huo huo, bali shamba la minazi likikatwa, atakayekula tena nazi ya hapo labda bado hajazaliwa. Aliyetoa amri hiyo aliifahamu pwani.

Kutoka hapo wakaenda Mombasa. Watu wakaukimbia mji, nao ukachomwa. Miji mingine ikaomba msamaha na kulipa.

Hebu mtazame sasa ile hati na masharti yake. Qursani alikuwa na liwali wake na bandari ya kurudia, na lau angekamatwa angehesabiwa askari wa Sultani. Mtu wa Faza aliyemuuzia maji na mbuzi hakuwa na hati yoyote. Mbele ya Mreno huyo alikuwa msaliti tu.

SAFARI YA PILI

Tusimdhulumu Mir Ali Bey. Wako watu ambao wangekaa Mokha wakila ngawira yao. Yeye alirudi. Mwishoni mwa mwaka 1588 alitoka tena, safari hii na merikebu tano na askari wapatao mia tatu. Jeshi kubwa alilowaahidi watu ndilo hilo, merikebu tano. Sultani Murad alikuwa na vita vikubwa na Waajemi, na mambo ya pwani yetu yalikuwa mbali na macho yake.

Alijaribu kuivamia Malindi usiku, lakini kapteni wa Kireno wa huko, Mateus Mendes de Vasconcelos, alikwisha kupata habari zake mapema, akampiga mizinga. Akaenda Mombasa. Safari hii hakuja kuteka na kuondoka: alijenga ngome ndogo penye mlango wa bandari na kuweka mizinga. Nadhani, na hapa tunatoa rai yetu tu, kwamba alikwisha kuona yaliyoifika Faza, akajua kwamba asipokaa hapana mji utakaomfungulia tena.

Lakini Mendes alikuwa amepeleka habari Goa. Tarehe 5 Machi 1589, sawa na mwaka 997 Hijria, merikebu 20 za Wareno zikiwa na watu 900 hivi zilifika Mombasa chini ya Tomé de Sousa Coutinho, ndugu yake gavana. Na kumbe Mombasa ilikuwa imezingirwa na adui mwingine upande wa bara.

Upande wa Makupa, penye kivuko cha maji kupwa, walikuwa wamekusanyika watu wengi wenye silaha ambao Wareno waliwaita Wazimba. Mir Ali Bey alilazimika kuzigawa merikebu zake, nyingine zikilinda mlango wa bahari na nyingine zikilinda kivuko. Wareno wakaingia, wakaziteka zote. Ndipo mkuu wa Wazimba akatuma ujumbe kwa Wareno kuomba avuke kisiwani amalize kazi. Wareno wakamruhusu.

Watu wa Mombasa wakakimbilia baharini. Wako waliozama, na wako waliofika kwenye mashua za Wareno wakawa mateka, maana kufungwa na Mreno sasa kulionekana ni nafuu. Mir Ali Bey naye alifika ufukweni akiwa amepanda farasi, mishale ikimfuata nyuma, akaingia majini, akachukuliwa na mashua za adui zake.

Baada ya hapo Tomé de Sousa akapita miji ya kaskazini kuadhibu. Mfalme wa Lamu alikatwa kichwa hadharani mbele ya watu huko Pate, kwa kosa la kumtoa Roque de Brito miaka mitatu nyuma. Manda iliharibiwa, na huko nako minazi ilikatwa. Mwaka 1593 Wareno wakaanza kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa, na mfalme wa Malindi akapewa mji huo wa Mombasa autawale. Waturuki hawakurudi tena.

HABARI ZILIZOPITA RUVUMA

Mpaka hapa mtasema kwamba yote hayo ni ya kaskazini. Lakini Wazimba walitoka kusini, katika nchi za Mto Zambezi. Na mtu atokaye Zambezi kwa nchi kavu kwenda Kilwa lazima auvuke Ruvuma, isipokuwa akubali kuuzunguka mto mzima mpaka ulikoanzia. Kabla ya Mombasa, Wazimba waliiangamiza Kilwa. Inasimuliwa kwamba walikaa ng'ambo wakiingoja Kilwa muda mrefu, mpaka mkazi mmoja wa mji akawaonyesha njia ya kuvuka wakati wa maji kupwa, kwa sharti kwamba yeye na jamaa zake wasiguswe. Waliouawa wanatajwa kuwa 3,000. Mji ulipokwisha, mkuu wa Wazimba alimwita yule mtu, akasema mwenye kuwasaliti watu wake hafai kuishi nao, akaamuru afungwe yeye na jamaa zake na kutupwa baharini.

Aliyeandika habari hizi ni padri wa Kireno aitwaye João dos Santos, na kitabu chake kilipigwa chapa Évora, Ureno, mwaka 1609. Padri huyu alikaa katika kisiwa cha Kerimba tangu mwaka 1592 mpaka 1594, yaani katika visiwa hivi vya jirani zetu wa ng'ambo ya Ruvuma, ambako ndugu zetu wanasema Kimwani. Huko alisikia masimulizi ya watu walioyaona mambo haya. Tumsome kwa uangalifu, maana ni mtu wa upande mmoja, na hata leo wanavyuoni wanabishana kama hao Wazimba walikuwa kabila moja au ni jina tu walilopewa vikundi mbalimbali vya watu waliofukuzwa na vita na njaa. Lakini bila ya kalamu yake tungekuwa na machache sana.

Ni padri huyo pia anayetuambia mwisho wa Mir Ali Bey. Alipelekwa Goa, kutoka Goa akapelekwa Ureno, na huko, asema padri, akabatizwa na kuwa Mkristo. Wanafunzi wengine watahuzunika kusikia hivyo. Padri ana sababu ya kupenda kuliandika jambo hilo, na mfungwa aliye mbali na kwao ana sababu zake za kutamka anachotakiwa kutamka. Aliyomo moyoni mwake ayajua Mola wake. Sisi tunaona jambo moja: hakuna habari kwamba waliomtuma waliwahi kumkomboa. Mkumbukeni yule fundi viatu wa Puerto Rico.

NA WASIOKUWA NA HATI

Miaka mia mbili baadaye ukaja uvamizi wa namna nyingine. Mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava na Wabetsimisaraka wa Madagaska walivuka bahari kwa mamia ya ngalawa zao, wakavishambulia Visiwa vya Komoro miaka kwa miaka, kisha wakafika Kerimba, Wibo na Mafia. Waliteka watu na kuwauza utumwani. Hao hawakuwa na hati ya mtu wala hawakuitafuta. Magofu ya Kua katika kisiwa cha Juani, Mafia, wenyeji husema ni kazi yao.

Hati za uharamia zilipigwa marufuku na mataifa mengi katika mapatano ya Paris ya mwaka 1856. Hispania haikukubali wakati huo. Iliingia mwaka 1908. Wale maharamia wa Kisomali waliotisha bahari yetu baina ya mwaka 2008 na 2012 hawakuwa na hati, ingawa baadhi yao walidai kwamba walikuwa wakilinda samaki wao.

Basi turudi kwa mwulizaji wetu. Mbele ya kadhi wa bandari iliyomtuma, mwenye hati si haramia, na sheria ya mataifa ya zama hizo ilimtambua. Wa safu ya nyuma wana haki kwa hapo. Lakini wa safu ya mbele waulize swali lao Faza, kwa mwenye shamba la minazi.

Wazee wa Msimbati, Mikindani na Msangamkuu wanazo hadithi za Wasakalava na za majahazi yaliyojificha katika mikoko ya mlango wa Ruvuma. Likizo hii, atakayekwenda kwao na akaandika japo ukurasa mmoja wa aliyoyasikia, ataje kijiji na aeleze amesimuliwa na babu au bibi wa ukoo gani, aulete kwa mwalimu wa tarehe kabla ya mwezi wa Shaaban. Insha'Allah tutazichapa katika toleo lijalo.